Jiko la umeme limenigombanisha na nyumba nzima

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga yenye familia sita na mita moja ya LUKU. Mwenye nyumba yuko Morogoro, tunamwona anapokuja kuchukua kodi ya miezi sita. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Tunduma mpaka Zambia, kwa hiyo mambo ya nyumbani nabaki nayo mwenyewe.

Umeme tunachanga sawa kwa sawa. Kila familia ilikuwa inatoa elfu kumi kwa mwezi, na tunapokezana kukusanya na kununua. Haikuwa na shida. Ikikatika usiku, anayeamka kwanza anaweka ya mfukoni, asubuhi anarudishiwa.

Mtoto wangu mdogo ana pumu. Daktari aliniambia nimtenge na moshi, na sisi hatuna jiko la nje, kila mtu anapikia mkaa kwenye korido mbele ya mlango wake. Nilipopokea mchezo wetu wa kina mama nikanunua jiko la presha la umeme, lile la lita sita. Kwa mkaa nilikuwa natoa elfu mbili kwa siku, siku ya maharage au makande inazidi. Sasa naweka maharage, nabonyeza, naendelea kufua. Na mtoto analala usiku bila kukohoa. Hilo peke yake, mama, lilinifanya nilipende lile jiko kama mtu.

Haukupita muda mrefu mchango ukapanda ukawa elfu kumi na mbili. Aliyeanza ni jirani wa mlango unaotazamana na wangu. Nilikuwa namwita dada, yeye ananiita mdogo wangu. Nilipokwenda kujifungua huyu wa pili, yeye ndiye aliyekaa na mkubwa wangu, akamwogesha na kumpeleka shule. Huyo huyo akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Kuna mtu humu ndani anapikia hela zetu." Hakunitaja jina, lakini mwenye jiko la umeme ni mimi peke yangu.

Kijana wa chumba cha mwisho akatuma video ya mtu anachemsha maji kwa jiko la umeme huku anaonyesha mita inavyokimbia. Nikatuma na mimi video ya mama anayepika maharage kwa umeme usiofika shilingi mia mbili. Basi ikawa video kwa video, sauti kwa sauti, siku nzima. Wakachangia hata watu waliokwisha hama nyumba hii ila hawajatolewa kwenye kundi. Usiku nikaandika ujumbe mrefu, nikaorodhesha chumba kwa chumba: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi, nani ana hita ya kuchemshia maji ya kuoga, nani anawasha sabufa mpaka saa sita. Sikumsingizia mtu, vyote vinaonekana. Wakasoma wote, hakuna aliyejibu. Tangu hapo dada yule hanisalimii, na watoto wake hawaji tena kucheza na wangu.

Kisha zamu ya kununua ikaniangukia mimi, tarehe mosi. Nikaweka elfu ishirini ya kuanzia, zikaja uniti 51 na kitu. Mwezi uliotangulia, katikati ya mwezi, elfu ishirini ilileta 56. Nikatuma zile namba za tokeni kwenye kundi, wakaniuliza uniti nyingine ziko wapi. Kwa hiyo sasa ninaitwa mlaji wa umeme na mwizi wa hela.

Wiki iliyopita wakapiga kura humo humo kwenye kundi. Machaguo matatu: nilipe mara mbili, nirudi kwenye mkaa, au nihame. Kulipa mara mbili kukashinda. Bibi wa chumba cha nyuma hakupiga, hana simu ya namna hiyo, yeye huleta mchango wake mkononi bila neno.

Kodi yangu inaisha mwisho wa Juni. Mume wangu anasema tuhame. Dada yangu wa tumbo moja anasema nilipe tu niishi kwa amani. Mama mkwe anasema nirudi kwenye mkaa mpaka mioyo ipoe. Mimi naona nikilipa mara mbili nimekiri kwamba nilikuwa nawaibia. Na nikirudi kwenye mkaa namrudisha mwanangu kwenye moshi. Nisaidie, mama. Wananionea wivu kwa jiko la elfu mia na kidogo?

Mpangaji, Tabata


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole, na pole zaidi kwa huyo mdogo. Kusikia mtoto anavuta pumzi kwa shida usiku, baba yake yuko barabarani, ni jambo linalomfanya mama anunue chochote kitakachomsaidia. Sitakulaumu kwa jiko.

Nimesoma barua yako nikaona imebeba mambo matatu ambayo kwenye kundi lenu yamechanganywa yakawa moja. Kuna hesabu ya umeme. Kuna tuhuma ya wizi. Na kuna dada wa mlango wa mbele. Kura iliyopigwa ilijibu la kwanza tu, tena kwa haraka, na wewe unaumia zaidi kwa hayo mawili mengine.

Nianze na tuhuma, maana hiyo naweza kukusaidia leo hii. Rudi kwenye simu yako, tafuta meseji ya malipo ya tarehe mosi, uisome mpaka chini. Namba za tokeni huwa zinafuatwa na mchanganuo: bei ya uniti, VAT asilimia 18, tozo ya EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) asilimia 1, ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, na kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi kuna makato ya kodi ya jengo. Kodi hiyo ilianza kukatwa kupitia LUKU Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Toa 1,500 kwenye elfu ishirini zako, gawanya zinazobaki kwa bei mnayonunulia, unapata zile uniti 51 na ushee. Katikati ya mwezi kodi inakuwa imeshakatwa, ndiyo maana hela ile ile ilileta 56. Hakuna aliyeiba. Anayenunua tarehe mosi ndiye anayebeba lawama ya kodi ambayo kwa haki ni ya mwenye nyumba. Mnaweza kumdai aipunguze kwenye kodi ya pango, shilingi 18,000 kwa mwaka.

Wewe ulituma tokeni peke yake. Wenzako waliona namba ishirini na hela iliyopungua, wakamalizia wenyewe. Si ninyi tu. Mwaka 2024, mita za tokeni duniani zilipokaribia mwisho wa hesabu yake ya dakika, iliyokuwa ikihesabiwa tangu mwaka 1993, na wateja wa LUKU wakaletewa safu mbili za namba za ziada kabla ya tokeni zao, nilipokea simu za watu walioamini kwamba binti wa dukani amewachezea. Mita haijielezi, kwa hiyo lawama inamwangukia binadamu aliye karibu nayo.

Sasa hesabu. Hapa nitakuomba uvumilie, kwa sababu sehemu moja haitakupendeza.

Umeme wa majumbani Tanzania Bara una makundi mawili ya bei. Mteja mdogo, mwenye matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ananunua uniti kwa shilingi 100, na kodi na tozo zikiingia inakuwa kama 122. Anayezidi hapo kila mara anahesabiwa kwenye kundi la juu, shilingi 292 kwa uniti, na tozo zikiingia ni kama 356. Elfu ishirini yako iliyoleta 56 inaniambia mko kundi la juu. Haiwezi kuwa vinginevyo, familia sita haziwezi kuishi kwa uniti 75.

Chukua mchango wenu wa sasa, elfu 12 mara sita, toa kodi ya jengo. Mnapata uniti kama 197. Ukizigawa kwa familia sita ni uniti 33 kwa kila mlango. Mtu mwenye mita yake anayetumia uniti 33 kwa mwezi kwenye kundi la chini angelipa kama shilingi 4,000. Ninyi mnalipa 12,000. Nataka usome mstari huo mara mbili, na kama utapata nafasi umsomee na dada yako wa mlango wa mbele. Kiasi kikubwa cha hela mnayogombania hakiliwi na jiko lako wala friji lake. Kinaliwa na kule kukaa sita kwenye mita moja.

Lakini jiko lako nalo linakula. Jiko la presha la lita sita mara nyingi ni la wati 1,000 hivi. Haliwaki muda wote, likishapata presha linajizima na kujiwasha, ndiyo maana maharage yanaweza kuiva kwa nusu uniti au chini yake. Yule mama wa video yako hakudanganya. Ila maharage ni sufuria moja. Ongeza wali, chai ya asubuhi, mboga, maji ya mtoto, na familia ya watu wanne inayopikia hapo kila kitu inaweza kufika karibu na uniti moja kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 25 mpaka 30, na kwa bei yenu hiyo ni kama shilingi elfu tisa au kumi. Sasa angalia: mchango ulipanda elfu mbili kwa kila familia. Wewe uliongeza elfu mbili, wenzako watano kwa pamoja wakaongeza elfu kumi. Na wewe uliacha kununua mkaa wa karibu elfu sitini kwa mwezi.

Sikuambii haya ili uone aibu. Ulinunua jiko kwa ajili ya pumu ya mtoto, hukukaa chini kupanga nani atalipia. Nakuambia kwa sababu umeniuliza kama ni wivu. Wivu unaweza kuwepo, mimi siwezi kuuona kutoka hapa. Ila hata mtu asiye na wivu wowote, ambaye ameona mchango umepanda mwezi ule ule kifaa kipya kimeingia, angeuliza. Alivyouliza ndivyo vilivyokuwa vibaya, akasema mbele ya watu wote na bila kukutaja, mahali ambapo huwezi kuona uso wa mtu wala yeye hawezi kuona wako.

Na yeye pia ana la kuulizwa. Friji la kawaida, hasa kipindi cha joto na mlango ukifunguliwa na watoto kila saa, linaweza kula uniti moja kwa siku. Hilo ni sawa na jiko lako. Hita ya kuchemshia maji ya kuoga ni wati 1,500 au zaidi. Pasi ni 1,000 na kuendelea. Sabufa uliyoilalamikia, kwa kweli, haina uzito huo, kijana yule anakunyima usingizi kuliko anavyokunyima uniti. Kwa hiyo ile orodha yako ya usiku ilikuwa na ukweli mwingi ndani yake. Swali langu ni lile unalolijua: ilipotumwa, nani aliyeweza kuupokea huo ukweli? Mtu akiorodheshewa vya chumbani kwake saa tano za usiku mbele ya watu waliokwisha hama, anachosikia ni kwamba amechunguzwa.

Kuna mtu mmoja kwenye barua yako uliyemtaja kwa sentensi moja tu, na mimi ndiye aliyenikaa moyoni. Bibi wa chumba cha nyuma. Hukuandika kwamba ana friji wala pasi. Nadhani ana taa, pengine redio. Huyo kwa mwezi hawezi kumaliza hata uniti kumi. Alikuwa analeta elfu kumi mkononi, sasa analeta kumi na mbili, na hakuna aliyempa nafasi ya kupiga kura. Sawa kwa sawa imekuwa ikimwonea yeye tangu kabla jiko lako halijafika, na inaendelea kumwonea hata kama wewe utalipa mara mbili. Ukitafuta njia ya kuanza mazungumzo ambayo hayaanzi na wewe wala na dada yule, nadhani njia iko kwake.

Tuje kwenye njia ulizonazo. Sitakuchagulia, wewe ndiye unayelala hapo.

Kulipa mara mbili. Unaogopa kwamba ni kukiri wizi. Inategemea unalipa kwa jina gani. Ukilipa kama adhabu iliyopigiwa kura, itabaki adhabu, na kesho akinunua mtu kiyoyozi hamtakuwa na kanuni yoyote isipokuwa kelele. Ukisema, "Nimepiga hesabu, jiko langu ni kama elfu kumi, niko tayari kulitoa, na friji nalo tulipigie hesabu," umeweka kanuni inayomgusa kila mwenye kifaa kikubwa. Hatari yake ni kwamba wenye friji wanaweza kuchukua elfu kumi yako na kusahau nusu ya pili ya sentensi. Hata hivyo, kwa hesabu tupu, bado utakuwa umeokoa hela nyingi kuliko ulipokuwa kwenye mkaa. Sijui kama moyo wako utakubali hesabu tupu. Mioyo mingi haikubali.

Kupima. Kabla ya kubishana tena kwa video za watu ambao hamjui wanapikia mita gani na bei gani, pimeni ya kwenu. Chagueni jioni moja, zimeni vyote isipokuwa jiko lako, someni uniti zilizobaki kwenye mita, pikeni maharage, someni tena. Kisha jioni nyingine friji, kwa saa nyingi zaidi maana lenyewe hula taratibu. Fanyeni wote mkiwa mmesimama pale. Ukipima peke yako na kutuma picha, umerudi kule kule kwenye vita ya video. Na uwe tayari kwa jibu lolote: ukikuta jiko lako linakula zaidi ya nilivyokadiria hapa, utakuwa umelionyesha mwenyewe mbele ya mashahidi.

Mita ndogo za kila chumba. Nyumba nyingi za Dar zimemaliza ugomvi huu kwa njia hiyo. Kila mlango unasomwa, mnagawana gharama kwa uniti. Zinahitaji ruhusa ya mwenye nyumba na fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo kijana wa mtaani mwenye koleo. Ugumu wake: mtabaki kwenye ile bei ya juu, taa za korido na za nje zitahitaji makubaliano, na lazima awepo mtu wa kusoma mita anayeaminika na pande zote. Kwa hali mliyo nayo leo, sioni ni nani zaidi ya bibi yule, kama macho yake yanamruhusu, au mjumbe wenu.

Mita yako mwenyewe ya TANESCO. Mjini, tangu Januari 2022, kuunganishiwa njia moja ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo ni shilingi 320,960, ukaulizie kama imebadilika. Hela hiyo unaizika kwenye nyumba ya mtu, kwa hiyo usiitoe bila maandishi kwamba itakatwa kwenye kodi ya pango. Na usijiahidi bei ya chini moja kwa moja: kuwekwa kwenye kundi la uniti 75 kunafuata matumizi yako yatakavyoonekana.

Gesi nayo ipo. Mtungi mdogo wa kilo sita hauna ugomvi na mita, na moshi wake si wa kulinganishwa na mkaa. Unaweza kupikia chai na mboga kwa gesi, jiko la presha likabaki kwa maharage na makande, ambako ndiko linakookoa zaidi. Matumizi yako ya umeme yangeshuka sana. Wapo watakaosema umeshindwa. Wewe utajua umechagua.

Kuhama. Mume wako anakupenda, anataka usumbufu uishe. Lakini kodi ya Tabata unaijua, na nyumba utakayohamia huenda nayo ina mita moja kwa milango sita. Ukiamua hivyo, liwe la kwanza kuuliza kabla ya kulipa hata senti: mita ni ya nani, na mnagawanaje.

Kuhusu ushauri wa mama mkwe, nitasema kwa heshima yake. Kumtuliza jirani ni jambo jema, lakini bei yake hapa italipwa na mapafu ya mtoto. Serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034, sababu mojawapo ilikuwa magonjwa ya kifua kama haya. Ukifikiria njia hiyo, rudi kwanza kwa daktari wake. Pia fikiria kwamba korido hiyo hiyo bado ina majiko ya mkaa ya wenzako watano. Mwanao anapona kwa moshi wako uliopungua, na pengine angepona zaidi kama mazungumzo haya yangeishia kwa wengine nao kupikia kitu kingine. Hilo haliwezekani kwa mtu anayeitwa mwizi, linawezekana kwa jirani.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza: waya. Hilo jiko umelichomeka wapi? Kama liko kwenye ekstensheni ile ile yenye pasi na televisheni, nyaya za nyumba za kupanga mara nyingi ni za zamani, usiendelee hivyo. Liwe kwenye soketi ya ukutani peke yake. Ukigusa soketi ikiwa ya moto, zima na uite fundi.

Sasa dada. Mtu aliyemwogesha mwanao ukiwa wodini hakuwa akifanya hesabu siku hiyo. Ninachojiuliza ni kama naye, mchango ulipopanda, alisubiri umwambie kitu kuhusu lile jiko, kwa sababu wewe ni mdogo wake, na alipoona kimya akaenda kulisemea kwenye kundi. Inawezekana nimekosea. Huenda kuna jingine kati yenu ambalo hukuliandika, au shida ya hela kwake ambayo hakuisema. Ukienda, nenda bila simu mkononi. Ukibeba meseji zake kama ushahidi, utakuwa umeenda mahakamani. Nenda saa ambayo watoto wako shule, umwamkie, umuulize yeye mwenyewe umeme unamsumbuaje. Anaweza kukufungia mlango. Hilo litauma, na usilazimishe. Mpe muda, na watoto waache wasalimiane hata kama ninyi hamjafika huko.

Kwenye kundi, kwa sasa, ningekushauri upeleke kitu kimoja tu: ile meseji ya tarehe mosi nzima, yenye mstari wa kodi ya jengo, na maneno machache ya kueleza. Usiongeze neno kuhusu friji la mtu. Halafu mwombe mmoja wenu, asiwe wewe, aitishe kikao cha ana kwa ana barazani, bibi akiwepo. Mkikwama, mjumbe wenu wa mtaa amesuluhisha makubwa kuliko uniti za umeme.

Na mwenye nyumba msimwachie mpaka aje. Mita moja kwa familia sita ni uamuzi wake, kodi ya jengo ni yake, na ruhusa ya mita ndogo iko mkononi mwake. Mpigieni sasa, kabla ya Juni, kwa jina la wapangaji wote. Akishachukua miezi sita mingine, hamtakuwa na cha kumfanya asikilize mpaka Desemba.